Kwa nini Shangazi alizuiwa JKIA na tiketi aliyokwisha kuilipia

"Mama, hii safari haipo tena."

Binti wa kaunta aliyasema hayo kwa upole. Alikuwa ametazama kioo cha kompyuta, akabonyeza, akatazama tena, akamwita mwenzake, wakanong'onezana. Mbele yake amesimama Shangazi, buibui jipya, pasipoti mkononi. Mimi nilikuwa nyuma na toroli na masanduku mawili: moja la nguo zake, la pili la wajukuu wa Manchester, limejaa achari, ubuyu na kashata hata zipu haifungi vizuri.

"Haipo vipi, mwanangu? Si hii hapa, nimeichapisha?"

"Ndege ya asubuhi ya kutoka Mombasa kuja hapa Nairobi hukuipanda, Mama. Kwa kuwa hukutokea, kompyuta imefuta na zilizobaki."

Zilizobaki zote. Nairobi hadi Ghuba, Ghuba hadi Manchester, na ile ya kumrudisha nyumbani baada ya miezi mitatu. Kipande cha saa moja ambacho hakukihitaji kiliondoka na safari yake yote.

Shangazi hakuwa mzembe. Kulikuwa na harusi ya ukoo South C, Nairobi, akapanda treni ya SGR Miritini, Mombasa, akashuka Syokimau, akala pilau, akalala kwa jamaa. Anayeijua Nairobi anajua kwamba Syokimau na uwanja wa ndege wa JKIA ni majirani. Sasa arudi Mombasa ili kesho apande ndege ya kumleta tena Nairobi?

Na alipiga simu. Alimpigia karani wa wakala aliyemkatia tiketi, akamwambia kwamba ataipanda ndege Nairobi. Akajibiwa, "Haina neno, Mama."

Ilikuwa na neno.

## Nilichobaki nacho

Alisafiri siku iliyofuata, baada ya kulipa faini na nyongeza ya nauli kwa pesa alizokuwa amezitenga za Idi ya wajukuu. Alipofika alinitumia ujumbe wa sauti: alhamdulillahi, baridi kali, watoto wamekua. La tiketi hakuligusa. Yeye alishalisamehe kabla ndege haijaacha ardhi.

Mimi sikuweza. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nikilirudia hata nikiwa kwenye foleni ya Likoni, na kila nikilirudia naona kitu kimoja: yule binti alisema kweli kwa mujibu wa karatasi, na Shangazi alisema kweli kwa mujibu wa akili yoyote niijuayo. Kiti chake cha Nairobi kilikuwepo. Kimelipiwa. Mwenyewe yupo, amefika mapema, sanduku halijazidi kilo. Kisha anaambiwa amekikosa kwa sababu asubuhi hakukaa kwenye kiti kingine, ambacho nacho alikilipia.

Ningekuwa na hakika kwamba ni uonevu mtupu, ningelala. Tatizo ni kwamba nilianza kusoma.

## Kijitabu kilichogeuka kompyuta

Waliosafiri zamani wanakikumbuka kijitabu cha tiketi, chenye majani membamba na wino mwekundu mgongoni uliokuwa ukipaka vidole. Kila kipande cha safari kilikuwa na jani lake, na majani yalichanwa kwa mpangilio, la kwanza kwanza. IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, ilikizika kijitabu hicho tarehe 1 Juni 2008. Majani yakawa mistari ndani ya kompyuta. Kanuni ya kuchana kwa mpangilio ikabaki vilevile, ila sasa hakuna mkono unaochana.

Kwa hiyo mlango wa ndege ya asubuhi ukifungwa na wewe hujapanda, jina lako linaandikwa kwamba hukutokea, na viti vyako vya mbele vinaachiliwa viuzwe. Hakuna mtu aliyekaa akaamua. Binti wa kaunta aliyakuta yamekwisha.

Nikajifunza na jambo jingine, na natamani ningelijua usiku ule. Kuna nafasi uliyowekewa, na kuna tiketi. Nafasi ndiyo yenye ule msimbo wa herufi na tarakimu sita. Tiketi ina namba ya tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni za shirika lililoitoa. Kinachofutwa mlango ukifungwa ni nafasi. Tiketi yenyewe inaweza kubaki na thamani fulani, kulingana na masharti ya nauli uliyonunua. Ndiyo maana Shangazi hakulazimika kununua safari mpya kabisa. Ile ya zamani ilitolewa upya kwa faini na nyongeza. Mtu akiambiwa "haipo tena" na hajui tofauti hiyo, anaweza kwenda kununua nyingine kwa bei ya kiwewe.

## Bei ya Mombasa na bei ya Nairobi

Nina rafiki anayeuza tiketi mjini Mombasa. (Si yule aliyemuuzia Shangazi, nisimharibie jina.) Nilimwendea kwa hasira, akaniagizia kahawa chungu, akaningoja nimalize.

"Wewe unadhani bei ya ndege ni mafuta na umbali," akasema. "Bei ni nani mwingine anauza."

Akaniuliza: mtu wa Mombasa anayetaka kwenda Ulaya ana njia ngapi? Anaweza kwenda na Ethiopian akaungia Addis Ababa. Anaweza kwenda na Turkish akaungia Istanbul. Nairobi hataiona kabisa. Shirika linalotaka kumpitisha Nairobi, kisha limbadilishe tena ndege huko Ghuba, linamwomba avumilie kituo cha ziada. Lazima limpoze kwa bei. Mtu wa Nairobi yeye anataka ndege inayoanzia mlangoni pake, na yuko tayari kuilipia.

Hivyo yaweza kutokea kwamba safari ndefu ya Mombasa–Nairobi–Ghuba–Manchester ni rahisi kuliko ile fupi inayoanzia Nairobi, ndani ya ndege ileile, pengine kwenye safu ileile ya viti.

"Sasa," akaendelea, "ningekuwa naruhusu watu waruke kile kipande cha kwanza, nani Nairobi angenunua tiketi ya Nairobi? Wote wangenunua ya Mombasa, halafu wapandie JKIA."

Hapo ndipo hasira yangu ilipoanza kuchechemea.

## Lakini basi la Malindi

Nilijitetea kwa basi. Ukikata tiketi ya Malindi hadi Nairobi, kisha siku ya safari ikakukuta Mombasa, unampigia karani: "Mwanangu, leo nitapandia Mwembe Tayari." Kiti chako kinakuja kitupu kutoka Malindi. Hakuna anayekudai faini; sana sana utaulizwa kama unataka mtu akikalie mpaka Mombasa. Shangazi amesafiri hivyo maisha yake yote. Alipompigia karani wa wakala alikuwa akifanya lilelile, na yule karani, nadhani, alimjibu kwa akili hiyohiyo ya Mwembe Tayari.

Rafiki yangu alicheka. "Umeshawahi kuona nauli ya Mombasa–Nairobi ikizidi ya Malindi–Nairobi?"

Sijawahi. Kwenye basi, anayepanda mbele hajamwibia mtu chochote, kwa kuwa amelipa zaidi na kutumia kidogo. Kwenye ndege, anayepanda mbele anaweza kuwa amelipa kidogo na kuchukua kitu kinachouzwa ghali. Mfano wangu wa basi ulifia hapo, na nilikuwa nimeupenda sana.

Ila haukufa wote. Nilimwomba afungue kompyuta yake atafute, kwa tarehe zilezile, nauli ya kuanzia Nairobi. Ilikuwa juu kweli. Juu kidogo. Shangazi alitozwa mara kadhaa ya hiyo tofauti.

Nikamwambia: basi mngemtoza hiyo tofauti.

Hakucheka tena. Alisema, "Hilo sasa ni swali jingine."

## Majaji walioulizwa swali hilohilo

Kumbe limeshaulizwa mbele ya majaji.

Aprili 2010 mahakama kuu ya shirikisho ya Ujerumani ilitoa hukumu juu ya masharti ya British Airways na ya Lufthansa, zilizopelekwa huko na watetezi wa wateja. Masharti yalisema tiketi hupoteza nguvu vipande visipotumiwa kwa mpangilio. Majaji wakaona sharti linambana abiria kupita kiasi, kwa sababu linamkamata hata yule aliyenunua kwa nia ya kusafiri safari nzima kisha mambo yakambadilikia. Wakati huohuo hawakulipuuza lile la rafiki yangu. Walikubali kwamba shirika lina haki ya kulinda bei zake, na kwamba linaweza kumdai abiria tofauti ya nauli kwa njia aliyoifuata hasa.

Niliposoma hapo nilisimama nikatembea chumbani. Ndilo nililomwambia rafiki yangu juu ya kahawa!

Hispania walikwenda mbali zaidi. Novemba 2018 mahakama yao ya juu ililitupa sharti kama hilo la Iberia, na hoja yao ningependa ibandikwe JKIA: wajibu mkubwa wa abiria ni kulipa, na Iberia ilishalipwa. Kutotumia sehemu ya ulichokinunua hakumfanyi mtu avunje mkataba. Mwezi uliofuata shirika la watetezi wa wateja la Uingereza, Which?, nalo likazitaka kampuni kadhaa za ndege ziliache sharti hilo.

Mtu wa Madrid, basi, angekuwa na pa kusimama. Shangazi alikuwa na toroli langu.

## Wanaoruka cha mwisho

Haki itendeke pande zote: wapo wanaofanya kusudi.

Hao hawaruki kipande cha kwanza, maana wanajua kompyuta itafanya nini. Wanaruka cha mwisho. Unataka kushuka mji wa katikati, unaona tiketi ya kwenda mji wa mbele zaidi ni rahisi, unainunua, unashuka katikati na begi la mkononi, unatokomea. Sanduku huwezi kulipeleka chini, maana huandikwa kituo cha mwisho na litaendelea bila wewe. Kuna tovuti ya Marekani, Skiplagged, iliyojengwa juu ya ujanja huu. United na Orbitz ziliishtaki mwaka 2014; kesi ya United ilitupwa mwaka uliofuata kwa kuwa mahakama ya Chicago haikuwa na mamlaka juu ya mwenye tovuti. American Airlines nayo iliishtaki, na Oktoba 2024 baraza la raia mahakamani Texas likaamua walipwe dola milioni 9.4. Lakini kosa lililopatikana lilikuwa la kutumia nembo ya shirika, jambo la hakimiliki. Ujanja wenyewe ukabaki ukining'inia.

Lufthansa ilijaribu kumshika abiria mwenyewe. Mtu mmoja alikuwa na tiketi ya kwenda na kurudi, Oslo hadi Seattle kupitia Frankfurt. Wakati wa kurudi alifika Frankfurt, akaiacha ndege ya Oslo, akachukua nyingine kwenda Berlin kwa tiketi tofauti. Shirika lilimdai euro 2,112 za tofauti ya nauli, likijaribu kuitumia njia ile waliyoonyeshwa na majaji wa 2010. Desemba 2018 mahakama ya Berlin ikaitupa kesi: namna ya kupiga hesabu hiyo haikuelezwa kwa uwazi kwenye masharti, abiria angewezaje kuijua?

Vijana wananiuliza kama ujanja huu unafaa kwetu. Mimi simwuzii mtu hofu: polisi hawatakuja. Shirika linaweza kukunyang'anya pointi zako za uanachama, na siku ndege ikibadilishwa njia ukapelekwa kwenye mji wa mwisho kwa kupitia kwingine, huna wa kumlalamikia. Binafsi siufanyi, kwa sababu ndogo sana: mimi ni mtu wa kubeba masanduku.

Kinachonikera ni kwamba sharti lililowekwa kwa ajili ya watu hawa halimkamati hata mmoja wao. Wanajua kuruka cha mwisho. Linamkamata Shangazi, aliyepiga simu kueleza mapema kabisa.

## Kabla mlango haujafungwa

Mtu akiniuliza sasa, namwambia haya, na mengi yametoka kwa yule rafiki wa kahawa.

Ukiona kipande chochote hutakitumia, hasa cha mwanzo, sema kabla ndege hiyo haijaondoka. Mlango ukishafungwa unahamia kwenye masharti mengine kabisa, makali zaidi, na nauli za bei ya chini mara nyingi haziachi kitu. Na kusema peke yake hakutoshi. Shangazi alisema! Unachohitaji ni tiketi itolewe upya, ya kuanzia mji utakaopandia, na uione kwa macho: kwenye barua pepe mpya, njia mpya, Mombasa haimo tena. "Haina neno" haichapishwi.

Umwambie nani? Kama tiketi ilitolewa na wakala, mashirika mengi hukurudisha kwa wakala huyo, naye kafunga ofisi Ijumaa adhuhuri. Hili limewaliza watu wengi wa pwani, kwa kuwa tunanunua kwa mtu tunayemjua, tena kwa sababu nzuri, maana huyo ndiye anayekubali ulipe nusu leo nusu mwisho wa mwezi. Basi muulize siku ya kununua: nikibadilisha Jumapili, nampigia nani?

Kama ni ajali au dharura, tuseme treni imekwama njiani na ndege imekuacha, usikae kimya. Masharti ya mashirika mengi yana kipengele cha mambo yaliyo nje ya uwezo wako, kinachowataka wajitahidi kukufikisha bila kukupigia nauli upya, ila ni juu yako kuwaarifu mapema na kuleta ushahidi. Na ukiona tangu mwanzo kwamba huenda utaanzia Nairobi, nunua ya Nairobi. Lipia ile tofauti. Kipande cha Mombasa kata peke yake, au panda SGR, ila acha masaa ya kutosha katikati, kwa maana tiketi zikiwa mbili hakuna anayekungoja.

Jambo la kurudi nalo watu hulisahau. Kipande cha kwenda kikifutwa na cha kurudi kimefutwa. Afisa wa uhamiaji anayetaka kuona lini utaondoka kwao hatakubali karatasi ya safari iliyokufa.

## Kifungu cha 46

Rafiki yangu ana jibu la mwisho, na ni zito: mkiliondoa sharti hili, bei za Mombasa zitapanda. Watu wa pwani ndio watakaolipa ili watu wa Nairobi wasifanye ujanja.

Nimelipima jibu hilo sana. Nadhani lina nguvu dhidi ya Wahispania, na halina nguvu dhidi ya Wajerumani. Atozwe tofauti, basi. Abiria akisema kabla ya safari kwamba ataanzia Nairobi, apigiwe nauli ya Nairobi ya siku aliyonunua, alipe pengo, apande. Mjanja hatapata faida yoyote, na bei ya Mombasa inabaki salama. Kinachopotea ni faini pekee, na sijasikia mtu akinieleza faini hiyo inalinda nini ambacho tofauti ya nauli hailindi.

Nilipomwambia hivyo alinyamaza, kisha akasema kompyuta za mashirika hazijapangwa kufanya hivyo kwa urahisi. Kompyuta zilezile zinazobadilisha bei ya kiti mchana kutwa.

Katiba yetu ya 2010 ina kifungu cha 46, cha haki za mnunuzi. Kinataja haki ya kupata taarifa zinazohitajika ili mtu afaidi kikamilifu bidhaa na huduma, na haki ya kulindwa masilahi yake ya kiuchumi. Sharti la Shangazi lilikuwepo, siwezi kusema lilifichwa. Liko ndani ya kurasa nyingi za Kiingereza cha mawakili, mtandaoni, ambako unafika kwa kubonyeza maandishi madogo chini ya bei. Karatasi aliyoichapisha ilimweleza uzito wa sanduku, saa ya kufika uwanjani, hata betri za simu zikae wapi. Kwamba akiiacha ndege ya kwanza anaziacha zote, hapana.

Mimi ningeanzia hapo, kabla hata ya mahakama. Mstari mmoja kwenye tiketi, kwa maandishi makubwa kama ya jina la abiria, kwa Kiswahili na Kiingereza: "Usipopanda Mombasa, hutapanda Nairobi." Na wakili yeyote wa Mombasa anayetaka kukipima kifungu cha 46 mbele ya jaji, karatasi ya Shangazi na risiti ya faini ninazo.